Jino la Pembe

Baiskeli ilinitupa kwenye tambuka reli
nikiwa na madaftari arobaini na saba kwenye keria.
Meno mawili ya juu niliyaokota katika kokoto,
nikayafunga kwenye pindo la khanga kama chenji ya sokoni.
Watoto wa Isevya waliniokotea madaftari.
Hakuna aliyecheka. Siku hiyo.

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa la kwanza,
fimbo kwenye chati: fa, fe, fi, fo, fu.
Kinywa kikatoa: ha, he, hi, ho, hu.
Nao, watoto watiifu wa miaka saba,
wengi wakiwa na mapengo palepale penye langu,
wakaitika kwa sauti moja:
ha, he, hi, ho, hu.

Tofauti yao na mimi: yao yataota.

Hospitali ya mkoa, dirisha namba nne.
Bwana Nkwabi anageuzageuza kadi yangu ya bima
kama noti anayoishuku.
“Kung’oa, ipo. Kuziba, ipo. Kusafisha, ipo.
Kupandikiza, huo ni urembo, Mwalimu.”
Nikamwambia: nahundisha heruhi hiyo.
“Herufi ipi?”
Nikajaribu.
Foleni nzima nyuma yangu ikanyamaza kwa adabu.
Nikaomba kalamu, nikaiandika kiganjani.

“Jino la pembe si dawa ya pengo,”
akasema shangazi Nyamizi, akilamba asali kidoleni.
Mimi hiyo methali nimeifundisha, nilipokuwa na la sita.
Maana ya nje, maana ya ndani, tungeni sentensi.
Sikuwaambia kwamba pembe zilipita hapahapa Tabora
mabegani mwa watu waliohesabiwa pamoja nazo,
zikaenda ughaibuni kuwa meno ya piano,
na meno ya mabwana waliooza vinywa kwa sukari.
Sasa pengo la nani, Shangazi?
Akasema chai inapoa.

Barua ya kwanza ilirudi na muhuri.
Ya pili haikurudi.
Katika ya tatu niliandika:
*Mimi, Kalunde Kasanda, mwalimu,
naomba meno mawili ya Serikali.
Nitayatumia kwa kazi ya Serikali.
Nikistaafu, ikibidi, nitayarudisha.*
Mkuu wa shule akaniambia nifute mstari wa mwisho.
Sikuufuta.

“Kibali kimekuja,” akasema Daktari Ndaki,
kijana mwenye mikono ya baridi. “Cha jino moja.”
Moja?
“Wamesema tuanze na moja.”
Akanionyesha parafujo, ndogo kama ya redio.
Ganzi. Halafu mtetemo ndani ya fuvu,
treni ya mizigo ikipanga mabehewa stesheni usiku.
“Sasa tunausubiri mfupa uikubali.
Miezi mitano. Mfupa haupokei maelekezo.”

Mahindi yakapandwa, yakapaliwa,
yakachomwa na kutafunwa na wenye meno.
Mimi nilikunywa uji upande wa kushoto
huku taya langu likijadiliana na chuma.

Siku nilipovishwa jino, nilitoka
hadi penye baiskeli, nikaangalia huku na huku.
“Fa,” nikasema.
Mlinzi akageuka: “Naam?”
“Fu,” nikamjibu.
Akarudi kwenye redio yake.

Usiku ulimi bado unakwenda kwenye pengo la pili,
unaingia, unatoka,
kama mtu anayekagua chumba cha mpangaji aliyehama.

Wale wa mwaka ule wako darasa la pili.
Meno yao yote yameota, makubwa kuliko nyuso.
Jana nimesahihisha daftari la Ndekeja,
mwandiko wa kunyooka, hakuna kilichofutwa:
*Leo mwalimu wetu ana huraha.*

Nilishika kalamu nyekundu muda mrefu.
Kosa ni langu.
Nikampa vema,
nikaitamka pia, peke yangu, ofisini:
vema.